Kasha la Mawe

Malindi,
11 Machi 1986

Kenga Mwambire,

"Mashine yangu ni ile ile ya hotelini, na haimdhulumu mtu." Ndivyo ulivyoandika kwa chaki kwenye mlango wa duka lako kabla ya kulifunga na kurudi kwenu Kibarani. Tangu juzi watu watatu wamenijia na maneno hayo vinywani, wakiyatamka kana kwamba ni hoja. Si hoja. Ni uongo wa aina mbili uliofungwa kwa kamba moja.

Kwanza, si ile ile. Ya hotelini ni kabati la mchezo, refu kuliko mtu, lililotoka ng'ambo tayari. Yako ni kasha la mvule lenye mkono wa kushikia kama sanduku la msafiri. Ndani mna televisheni ndogo, kinanda cha herufi, na redio ya kaseti inayolia kama paka aliyekanyagwa mkia. Kinachoiga kitu hakijawa kitu hicho. Kasuku akiadhini hajawa muadhini.

Pili, inadhulumu. Nimelieleza hilo katika waraka wangu uliobandikwa sokoni, na watu sitini na watatu wametia sahihi chini yake: mashine ya Kenga ni kamari, inawapa fedha wachache ili iwanyonye wengi. Nimesoma habari za kamari toka Roma ya kale hadi bandari za Bara Hindi, na njia yake ni moja siku zote. Humlainisha mtu kwanza. Humwambia, wewe hodari, ongeza. Akisha kuamini kwamba ni hodari, ndipo humla.

Wala usinijie na hadithi ya ukuta wa hoteli. Najua wenyeji hawaruhusiwi kuingia kule kucheza. Ni mimi niliyeandika waraka juu ya ukuta ule wakati wengine wakitafuna ulimi. Lakini dhuluma ya ndani ya ukuta haiwi halali kwa kutolewa nje.

Nilikufunza hesabu miaka minne. Sikukufunza ili uzifanye chambo. Kamati ya leseni itakaa tarehe 2 Aprili. Nitakuwepo.

Muhidin Shee Bakari


Kibarani, Kilifi,
16 Machi 1986

Mwalimu wangu, shikamoo.

Barua imefika. Kadii mke wangu aliisoma kabla yangu akasema, "Huyu mzee wako akikuandikia salamu atakufa?" Nikamwambia ndivyo ulivyo. Kwenye madaftari yetu ulikuwa ukiandika "Upuuzi" kwa wino mwekundu, na bado tulikuwa tukigombania kukubebea chaki.

Niruhusu nikueleze nilivyolitengeneza kasha, kwa sababu naona kuna mtu amekueleza vingine.

Uliandika ule waraka wa ukuta wa hoteli, nami nikausoma mara nne. Wakati ule nilikuwa nikiitwa kule kila Jumanne kutengeneza mashine yao ya barafu. Nikimaliza, nasimama kwenye ujia dakika kumi kuutazama ule mchezo: mawe yanaanguka kutoka mbinguni, chombo kidogo kiko chini, nawe unakwepa na kuyapasua. Sikuigusa hata mara moja, si ya wafanyakazi. Nilihesabu tu. Jiwe la kwanza linafika chini nikihesabu tisa. La kumi nikihesabu tano. Nikayachora yote kwenye karatasi za miraba, zile zile ulizotufunzia kuchorea grafu.

Mwingereza aliyekuwa akifundisha huku alipokuwa anarudi kwao aliniachia kompyuta yake, ndogo, ukubwa wa kamusi. Nikaandika amri mstari kwa mstari kwenye daftari, kisha nikaziingiza kwenye kaseti. Mara ya kwanza mawe yalipanda badala ya kushuka. Mara ya pili yaliganda. Usukani ni mpini wa mwavuli. Mlio wa jiwe likipasuka ulinishinda, nikauacha ulie kama bata. Lakini mwendo ni ule ule, Mwalimu. Nilirudi hotelini na hesabu zangu nikazilinganisha Jumanne sita. Ndiyo maana niliandika "ile ile."

Tena haitoi hata senti. Haina hata tundu la kutolea. Mtu anaandika herufi tatu za jina lake kabla ya kuanza, na akifanya vizuri jina linakaa kwenye orodha. Basi. Orodha ya hotelini hupotea mashine ikizimwa. Yangu naihifadhi kwenye kaseti, hata umeme ukikatika majina yapo.

Sikuombi uipende mashine. Sema inapoteza wakati, sema inapiga kelele. Nakuomba ufute neno moja, "kamari," kabla ya tarehe 2. Kwa neno hilo watanipokonya leseni yote, hata ya kutengeneza redio, na redio ndizo zinazotulisha mimi na Kadii.

Na redio yako ikisumbua tena usiisubirie kesi hii. Ilete tu Kibarani. Panya wa nyumbani kwako wanapenda waya kupita kiasi.

Mwanafunzi wako,
Kenga


Malindi,
20 Machi 1986

Kenga,

Unaandika vizuri. Hilo ni kosa langu. Lakini ufasaha haujawahi kuwa ushahidi.

Unasema mwendo ni ule ule. Sikiliza basi. Yuko mtu ninayemwamini kama nafsi yangu, mtu mzima, mwenye hadhi yake mjini. Alicheza kwako, si mara moja. Kwako aliishi dakika kumi, robo saa. Vijana wakasimama nyuma yake wakisema, "Mashallah, mzee!" Mwezi wa pili akaitwa hotelini awe mkalimani kwenye mkutano wa ile njia ya ufukweni tunayoigombania na hoteli. Akitoka akapita kwenye ujia wako huo, akatia sarafu. Jiwe la tatu likammaliza. La tatu, Kenga! Watoto wa Kitaliano wakacheka, na mhudumu mmoja, kijana wa hapa hapa Malindi, akamshika kiwiko akamwambia, "Mzee, hii si ya kwetu."

Kama ni ile ile, mbona? Jibu ni moja tu. Uliilegeza yako ili watu wajione mabingwa na warudi. Chambo. Ndilo neno nililotumia, na nalirudia. Na mtu anayetega chambo kwenye mchezo, mimi simwiti fundi. Sifuti neno.

Jambo moja dogo. Hiyo kaseti ya majina, iko wapi? Je, yamo ya siku zote, au ya karibuni tu? Nauliza kwa ajili ya usahihi.

Muhidin Shee Bakari


Kibarani,
25 Machi 1986

Mwalimu, shikamoo.

Nimeelewa sasa. Mwambie huyo mtu unayemwamini kwamba kosa lilikuwa langu, si lake wala si la mashine, na sikulifanya kwa ubaya.

Kaseti ninayo mimi. Majina yamo yote toka siku ya kwanza. Hakuna atakayeyaona.

Sitakuomba tena.

Kenga


Kibarani,
9 Aprili 1986

Mwalimu Muhidin,

Shikamoo. Naitoa kwa sababu mama yangu alinifunza, si kwa sababu moyo umetaka.

Mimi ni Kadii, mke wa Kenga. Sikuandikii habari za tarehe 2, kwa maana ulikuwepo. Ulikaa safu ya pili, kanzu nyeupe, fimbo ya mkwaju magotini. Nakukumbusha tu, isije ikawa umesahau.

Mwenyekiti, Bwana Kiponda, alimwambia mume wangu: "Maneno ya vijana hatuyataki. Tutajie mtu mzima mmoja, mwenye kuheshimika, aliyecheza mchezo wako akaona kwamba hautoi fedha. Mmoja tu, twende nyumbani." Kenga akatazama chini. Kisha akatazama safu ya pili. Kisha akasema, "Sina."

Nilikuwa nyuma, pamoja na wanawake wa sokoni. Nilidhani amerukwa na akili. Nikakuona umeinama kutafuta kitu chini ya kiti. Ulikipata, Mwalimu, hicho ulichokuwa ukikitafuta?

Leseni wamechukua. Jioni ile ile Bwana Kiponda na watu wake walilivunja duka, wakaliburura kasha mpaka nje, na walioweka sahihi kwenye waraka wako wakalitupia mawe. Mawe ya kweli. Yale hayakuhesabu tisa. Kenga yuko Adu sasa kwa mjomba wake Dena, analima mihogo. Fundi yule, mikono ile!

Baada ya yeye kuondoka nikaipeleka kaseti kwa fundi mwenzake mwenye kompyuta, orodha ikatokea kwenye televisheni yake. MSB. Nikauliza, MSB ni nani? Akacheka. "Shemeji, huyo anakuja saa nane mchana, watu wakiwa wamelala. Anakuja na redio." Yumo mara arubaini na moja.

Nakutumia daftari la amri. Kenga hajui. Pembeni ya kila mstari ameandika kwa Kiswahili unafanya kazi gani. Usipoteze wakati na mingine, fungua mstari wa 310. Utauona umeandikwa hivi:

"Jina likiwa MSB, mawe yapunguze mwendo nusu. Mwalimu asiaibike mbele ya vijana."

Mtu mmoja tu katika Malindi nzima mashine ilimwamkia, na huyo ndiye aliyeipeleka kwenye mawe. Mulungu anaona. Mimi nimemaliza.

Kadii


Malindi,
17 Aprili 1986

Kwa Kenga, mwanangu, huko Adu.

Nimeuanza waraka huu mara saba. Mimi, ninayeandika kurasa sita juu ya bei ya sukari bila kunyanyua kalamu.

Kadii amenitumia daftari. Usimkasirikie.

Mtu ninayemwamini kama nafsi yangu ni nafsi yangu. Ulilijua hilo kabla sijaikunja barua. Redio yangu haikuharibika hata siku moja. Nilikuwa nikiukata waya mwenyewe kwa kisu cha matunda, mezani, Hafidha mke wangu akiwa amelala, kisha nikavaa kofia na kuondoka kama mtu mwenye shida. Nawe ukawa unaniunganishia waya ule ule, ukiwasingizia panya. Miezi mitano! Na ukiniuliza nilikuwa nikifuata nini, sina jibu la kitabuni. Nina miaka hamsini na mbili. Nimeshindwa kesi tatu na hoteli ile, njia ya ufukweni imefungwa, nyaraka zangu zimekuwa karatasi za kufungia njugu. Kwako nilikuwa nikitazama mawe yanashuka, nikiyapasua. Kwa robo saa nilikuwa mtu asiyeshindwa.

Ndipo nikashindwa kule, mbele ya wale hasa ambao nimewapiga vita maisha yangu yote. Ningeweza kusema, sijui kucheza. Nikasema, Kenga ni mwongo. Ilikuwa rahisi zaidi.

Sasa lililo baya kuliko hayo. Nilijua haitoi fedha. Nani angelijua kuliko mimi? Nimekaa mbele yake mara arubaini na moja. "Inawapa fedha wachache" niliitunga, kwa sababu bila fedha hakuna kamari, na bila kamari waraka ulikuwa hauna meno. Nilitaka meno.

Na ile siku ya kamati. Ulitazama safu ya pili. Nilikuwa nikisema moyoni, akinitaja nitasimama. Wallahi nilisema hivyo. Ukasema "Sina," na mimi, mwana wa watu, nikahisi raha. Nikainama nisionekane. Chini ya kiti hakukuwa na kitu.

Ni kitu gani nikufanyie? Niambie, nami nitakifanya.

Muhidin


Adu,
29 Aprili 1986

Mwalimu, shikamoo.

Barua imenifikia shambani. Nimeisoma nimeketi juu ya jembe.

Unajihukumu peke yako, na hesabu hiyo si sawa. Mimi ndiye niliyekudanganya kwanza. Unakumbuka nilipokuwa darasa la saba nikapata alama thelathini na tisa katika mtihani, na mstari ulikuwa arubaini? Nilikuja kwako nikalia. Ulinitazama ukasema, "Alama ya huruma ni tusi, Kenga. Nikikupa nitakuwa nimekuambia huwezi." Nilikuchukia wiki nzima. Mtihani uliofuata nikapata hamsini na tano.

Kisha mimi nikakupa wewe alama ya huruma miezi mitano. Siku ya kwanza ulikuja, jiwe la tatu likakumaliza, vijana wawili wakachekeana. Sikuvumilia. Ulipoondoka nikaandika ule mstari. Nilidhani nakuheshimu. Kumbe nilikuwa nimeandika mlangoni "ile ile" huku najua kwa mtu mmoja si ile ile. Ulipouliza mbona, ulikuwa na haki ya kuuliza. Ningekujibu tarehe 25, tusingefika hapa. Niliona aibu kukuambia kwamba nilikuhurumia.

Usiandike waraka mwingine. Najua ndilo linalokuwasha. Usijivue nguo sokoni kwa ajili yangu. Watakucheka, na kicheko cha Malindi wewe unakijua. Mimi nalima, sijafa. Hata kile kinanda, ndiyo kompyuta yenyewe, Kadii alikiokota, kinafanya kazi. Ni televisheni na kasha tu vilivyokwisha.

Nisalimie Mama Hafidha.

Kenga


WARAKA
Malindi, Ijumaa, 9 Mei 1986
Umebandikwa sokoni, kwenye mlango wa duka la Kenga, na mlangoni pangu

"Mashine ya Kenga ni kamari, inawapa fedha wachache ili iwanyonye wengi." Ndivyo alivyoandika Muhidin Shee Bakari mwezi wa tatu, na watu sitini na watatu wakamwamini kwa sababu huandika kwa ukali, nao walidhani ukali ni dalili ya ukweli. Mtu huyo namfahamu. Ni mwongo. Nitamjibu hapa kama nilivyowajibu wengine, wala sitampunguzia mwendo.

Anasema inatoa fedha. Haitoi. Alilijua hilo, kwa kuwa yeye mwenyewe aliicheza mara arubaini na moja, mchana, watu wazima wenzake wakiwa wamelala, akiwa na redio nzima mkononi kisingizio cha safari. Majina yamo kwenye kaseti, anayetaka aje asome.

Anasema ni chambo. Mashine ile ilikuwa sawa na ya hotelini kwa kila mmoja wenu, jiwe kwa jiwe. Kwa mtu mmoja tu ilikwenda taratibu, na mtu huyo ni yeye, kwa sababu mwanafunzi wake alimstahi kuliko alivyostahili. Alipoupata ukweli wa mikono yake kule hotelini, akamtoza fundi.

Anasema kinachoiga kitu hakijawa kitu hicho. Hapo amesema kweli, ila hakujitazama. Miaka ishirini ameiga mtu mkweli.

Hoteli imetufungia njia ya ufukweni, na hakuna hata mmoja wetu aliyeutupia jiwe ukuta wake. Fundi wetu alipoutoa mchezo wao nje ya ukuta akauleta barazani petu, ndani ya kasha la mvule, kwa kichwa chake na karatasi za miraba, yeye ndiye tuliyempiga. Hoteli haikuhitaji kunyanyua hata kidole. Mimi niliifanyia kazi bure.

Kenga ameniomba nisiandike haya. Ni mara ya pili ananifichia aibu yangu, na sitaki alama ya huruma. Mstari wa 310 katika daftari lake nimeufuta leo asubuhi kwa wino mwekundu.

Sasa nyinyi.

Nyinyi sitini na watatu: karatasi yenye sahihi zenu nimeipigilia msumari mlangoni pangu, na kalamu nimeifunga kwa uzi pembeni yake. Jina langu la juu nimeshalikata. Kesho au kesho kutwa mwezi utaandama, na nyote mtapita nyumba kwa nyumba mkiombana radhi kabla ya kufunga. Msije kwangu kuniomba radhi, sina nitakalowasamehe. Njooni leo baada ya Alasiri, kila mtu akate jina lake kwa mkono wake. Anayejua kuandika jina lake anajua kulikata.

Wewe Kiponda: televisheni uliyoivunja haikuwa yako. Uliyonayo sebuleni ni yako. Ibebe mwenyewe, kweupe, uipeleke dukani kwa Kenga. Seremala wa kasha nimeshamwagiza mimi.

Na nyinyi wajumbe wa kamati ya leseni: mliuliza mbele za watu kama yuko mtu mzima mmoja, mwenye kuheshimika, aliyeicheza akaona haitoi fedha. Heshima siidai tena, lakini nimeicheza, nimeona, na nilikuwa safu ya pili. Itisheni kikao wiki hii, mfungo usiwe kisingizio. Niiteni kwa jina. Niulizeni lile swali lile lile, na safari hii andikeni jibu.

Muhidin Shee Bakari
(MSB)